Shangazi Anajibu: Mama alikuwa wa wodini, wa jukwaani na wa kwetu

Toleo lililopita niliwaomba mniandikie kuhusu mama zenu waliokuwa na kazi mbili, nikategemea barua chache tu. Zimekuja kibao, na nyingi ni za watoto wa manesi, na kati ya hao manesi wapo waliokuwa wanaimba, wanaigiza, wanacheza ngoma. Mi mwenyewe nimevaa yunifomu hiyohiyo miaka mingi kabla sijaanza kukaa kwenye ukurasa huu, kwahiyo leo nitajibu kwa kirefu, hasa barua ya kwanza, mnivumilie.

Shangazi shikamoo. Mama yetu alifariki mwaka jana. Alikuwa nesi wa wodi ya wazazi, na muda huohuo alikuwa kwenye kikundi cha maigizo na ngoma, kikundi kabisa cha kualikwa na kulipwa. Tuko watoto watatu. Ndugu wameamua tufanye siku ya kumkumbuka na mimi kama mkubwa ndo nimepewa kuongea na kuandika maneno ya kwenye kijitabu. Kila nikianza nafuta. Nikiandika "alimudu yote" mdogo wangu wa kiume anasema usidanganye watu, mi nakumbuka mlango umefungwa tunaambiwa tusipige kelele mama amelala, halafu jioni anatoka tena. Wa mwisho yeye anasema hakuna mama kama yule, anakumbuka anabebwa mpaka mazoezini analala juu ya nguo za jukwaani nyuma ya pazia. Mi niko katikati. Ninachokumbuka mimi ni mama anapiga pasi yunifomu huku anasema maneno ya mchezo kwa sauti, akikosea anarudia kutoka mwanzo na pasi imesimama hewani. Na ile saa yake ya kubandika kifuani, alikuwa anaitumia kupima mapigo ya moyo kazini na kupima urefu wa onyesho mazoezini. Sasa niandike nini ambacho ni kweli na hakimuaibishi mama? Dada Mkubwa

Marahaba mwanangu, na poleni sana wote watatu. Barua yako nimeisoma nikairudia.

Kitu cha kwanza ambacho naona kitakupunguzia mzigo, hapo kwenu hakuna anayedanganya. Nyie mnaongelea miaka tofauti mkidhani mnaongelea mwaka mmoja. Rosta ya nesi, yaani ratiba ya zamu zake, haibaki vilevile maisha yote. Nesi mpya anapangiwa naiti nyingi, yaani zamu za usiku, wikiendi nyingi, sikukuu ndo usiseme, halafu akishakuwa mkongwe, akawa msimamizi wa wodi, mara nyingi anahamia mchana na anajua wiki ijayo atakuwa wapi. Nahisi mdogo wako wa kiume alikuwa mtoto wakati mama bado yuko chini kazini, na wa mwisho akampata mama ambaye ameshapanda cheo, anaweza hata kumbeba kwenda naye mazoezini bila kuangalia saa kila dakika. Usinichukulie hivihivi, nenda katafute barua zake za kazi, za kuajiriwa, za kuhamishwa wodi, za kupandishwa, zote zina tarehe. Ziweke pembeni ya umri wenu wa wakati ule uone kama hizo kumbukumbu hazitajipanga.

Halafu ule mlango uliofungwa. Naomba mdogo wako asome hapa mwenyewe. Mwili wa binadamu una saa yake ya ndani inayofuata mwanga na giza, kuna watafiti watatu wa Marekani, Hall, Rosbash na Young, walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2017 kwa kuonyesha namna inavyofanya kazi ndani ya seli. Hiyo saa haijali kwamba umekesha. Unaingia kitandani saa 2 asubuhi umechoka mpaka miguu inawaka moto, na mwili unakwambia kumekucha amka, kwahiyo usingizi wa mtu aliyetoka naiti unakuwa mfupi na mwepesi, kijiko kikidondoka jikoni umeisha na haurudi. Mama aliyefunga ule mlango alikuwa anatafuta masaa machache ya kulala ili usiku akishika sindano mkono usitetemeke. Hii haiondoi kwamba mtoto upande wa pili wa mlango alikuwa mpweke. Vyote viwili vilikuwepo siku hiyohiyo, na mdogo wako ana haki ya cha kwake.

Na kuchelewa kwake. Najua alichelewa, hata hujaandika lakini najua. Zamu haiishi saa inapofika, inaisha ukishamkabidhi mwenzio wagonjwa, kitanda kwa kitanda, huyu presha ilipanda alfajiri, huyu dripu inaisha saa fulani, huyu njia imefunguka kiasi hiki. Sasa wodi ya wazazi ni zaidi, ukiwa na mama anayesukuma hakuna cha zamu imeisha, unabaki mpaka mtoto atoke, kondo la nyuma litoke, uhakikishe damu haizidi, uandike kwenye faili, ndo unakimbia. Unafika kwenye sherehe ya shule ya mwanao watu wanakunja viti. Unafika mazoezini wenzio wameshaanza onyesho la pili na mwenye kikundi anakuangalia bila kusema kitu. Mi nimeona wenzangu wakibadilisha viatu huku wanatembea.

Ndo maana hilo neno "alimudu yote" mi pia silipendi, ingawa kwa sababu tofauti na za mdogo wako. Linafuta kazi yote iliyofanyika. Mtu akisoma "alimudu" anadhani ilikuwa ni tabia tu aliyozaliwa nayo, kwamba wapo wanawake wa hivyo, basi. Wakati ukweli ni kwamba kila onyesho moja la Jumamosi jioni lilikuwa na bei yake, na bei hiyo ililipwa na watu unaoweza kuwataja. Kuna nesi mwenzake alimshikia zamu. Na mama yako akamlipa kwa kumshikia naiti mbili, au sikukuu nzima, kwasababu wodini hakuna cha bure, ukibadilishana zamu unadaiwa na deni linajulikana. Kuna mtu kwenye kikundi alikuwa anamwekea nafasi, anajifunza maneno yake ili asipofika mchezo usife. Na kuna mtu nyumbani.

Hapa nataka nikae kidogo. Nyumbani alikuwepo nani? Baba? Bibi? Jirani? Nakuuliza kwasababu mtoto wa kwanza wa kike kwenye nyumba ya nesi mi namjua, ndo anayepasha chakula, anaangalia daftari za wadogo zake, anawaambia hao wadogo nyamazeni mama amelala. Kuna uwezekano mkubwa sauti ile anayoikumbuka mdogo wako mlangoni ilikuwa ya kwako wewe. Kama ni hivyo basi nafasi yako kwenye hii habari ni kubwa kuliko ya mwandishi, na ndo sababu unajisikia uko katikati, ulikuwa katikati kweli, mtoto kwa mama na mtu mzima kwa wadogo zako. Liandike. Huhitaji kulalamika wala kujisifu, andika tu ulifanya nini, watu wataelewa na wewe utapumua.

Sasa kabla hujaandika neno lingine nenda katafute watu. Maisha ya mama yako yaligawanyika sehemu tatu na watu wa sehemu hizo inawezekana hawajawahi kukaa meza moja. Manesi wanamjua mtu ambaye nyie hamkuwahi kumuona, vilevile wasanii. Ongea na wawili watatu kila upande, na usiwaulize "mama alikuwa mtu wa namna gani" maana hapo utapewa maneno ya msibani, mcheshi, mchapakazi, mpenda watu. Uliza vitu vidogo. Alikuwa anafika kazini na nini mkononi? Siku ya onyesho alikuwa anabadilishana zamu na nani? Kuna siku aliimba wodini, ilikuwa kwa nani? Mazoezini alikuwa anakosea wapi? Alishawahi kusema anataka kuacha kimoja, kipi, na nini kilimrudisha? Hilo la mwisho uliza kwa upole na usubiri jibu, usimalizie watu sentensi zao. Washa kinasa sauti cha simu kwa ruhusa yao, chumba kitulie, feni izimwe, simu iwe karibu na mdomo wa anayeongea.

Utakachopata kitakushangaza, nakuahidi. Na kitakusaidia kwenye swali ambalo nadhani ndo liko chini ya barua yako, kwamba je ule usanii ulimuondoa kwenu bure. Watu wengi wakitaka kumtetea mama wa namna hii wanasema sanaa ilimfanya awe nesi bora. Inawezekana kabisa, mtu anayejua kutumia sauti yake na kusoma sura ya mtu anafaa sana kwenye chumba cha kujifungulia, mama anayeumwa uchungu anasikia sauti kabla ya kuelewa maneno. Lakini usimtetee mama yako kwa hilo peke yake. Alipenda jukwaa kwasababu alilipenda. Kwa masaa mawili pale hakuna aliyekuwa anamuita nesi wala mama fulani, alikuwa anaitwa kwa jina la mtu aliyemuigiza. Alikuwa na haki hiyo kama baba zetu walivyokuwa na haki ya mpira na vijiwe vyao, na sijawahi kupata barua ya mtoto anayeuliza baba yake alimudu vipi mpira na familia.

Kuhusu kuandika kwenyewe, anza na pasi. Nakwambia kama msomaji, ile pasi iliyosimama hewani ina mambo yote matatu ndani yake, yunifomu ya kesho, maneno ya mchezo na mtoto anayeangalia pembeni. Kisha msimuliane kwa zamu kwenye kijitabu, mdogo wako wa kiume apewe nafasi yake aandike ule mlango kwa mkono wake, kwa jina lake, wala usimrekebishe. Wa mwisho aandike zile nguo nyuma ya pazia. Aliyemshikia mama zamu aandike ya kwake. Unaogopa kumuaibisha, mi naona mama anayeandikwa hivyo ndo watu watamtambua, wataguna wakisoma waseme ndo yeye kabisa huyu. Na mkimaliza mtumie mdogo wako asome vya wenzake kabla ya siku yenyewe ili asikutane navyo mbele za watu.

Shangazi, mama alituachia kanda za maonyesho yake, za kaseti na za video, ziko kwenye boksi stoo tangu zamani. Zingine zina kama unga mweupe. Kaka anataka tununue deki ya mtumba tuanze kuziangalia. Tufanye hivyo? Mtoto wa Muimbaji

Msifanye hivyo kwanza, hasa hizo zenye unga. Huo unga unaweza kuwa ukungu, na kanda yenye ukungu ukiitia kwenye deki inachafua vichwa vya kusomea, inakwaruza, na kanda inayofuata nayo inaambukizwa. Zitengeni leoleo, zile chafu kwenye boksi lake peke yake sehemu kavu, msizifute kwa kitambaa cha maji, na msizipumue ovyo, ukungu ni mbaya kwa mapafu. Hizo ni za kupelekwa kwa fundi anayefanya kazi ya kuhamisha kanda, mwambieni wazi kuna ukungu ili asizichanganye na za wateja wengine.

Zile safi zisimamisheni kama vitabu, zisilale, mbali na spika na vitu vyenye sumaku, pasiwe na joto. Halafu kuna kitu kidogo ambacho watu wanakisahau, kwenye kaseti na kwenye kanda ya video kuna kipande cha plastiki ukingoni, kikivunjwa kanda haiwezi kurekodiwa juu yake tena. Vivunjeni vyote kabla mtu hajagusa kitufe. Nimeshasikia familia iliyofuta sauti ya marehemu kwa bahati mbaya na hakuna namna ya kuirudisha.

Na msikae nazo. Kanda ya sumaku inachoka yenyewe hata ikiwa kwenye boksi, na mashine ndo zinapotea kabisa, Funai ya Japani waliokuwa wa mwisho kutengeneza deki za VHS, zile za kanda za video, waliacha mwaka 2016. Mwaka 2019 UNESCO walianzisha mradi mzima wa kutahadharisha dunia kuhusu kanda hizi, wakasema kufikia karibu 2025 kuzichezesha kwa utaratibu wa kawaida kutakuwa kugumu mno. Muda huo umeshafika. Kama pesa haitoshi kwa zote, chagueni. Mi ningeanza na zile ambazo mama anaongea, hata kama ni mazoezi tu, hata kama ni fujo za nyuma ya jukwaa watu wanacheka, kabla ya zile ambazo anacheza kwa mbali kwenye kundi la watu. Sauti yake akiita mtu ndo mtakayoitafuta miaka ijayo. Zikishahamishwa wekeni nakala sehemu zaidi ya mbili, moja iwe nyumba nyingine tofauti, na andikeni majina ya wanaoonekana wakati bado kuna mtu anayewakumbuka. Kwenye picha za karatasi andikeni nyuma kwa penseli laini, taratibu, wino wa kalamu unapenya na kuchafua.

Habari za kazi Shangazi. Mama alikuwa nesi na alikuwa anatunga nyimbo. Nimekuta daftari zake, nusu ni mashairi na nusu ni mambo ya wodini, majina ya wagonjwa, magonjwa yao, wengine walifariki mikononi mwake. Ni maandishi mazuri sana. Nataka nitengeneze kitabu cha kumkumbuka, naweza kuweka? Msomaji wenu wa siku nyingi

Nzuri mwanangu. Mashairi yake weka, hayo ni yake na sasa yako mikononi mwenu. Ya wodini usiyaweke kama yalivyo.

Manesi tunaapa. Kuna kiapo kilichopewa jina la Florence Nightingale, kiliandikwa Detroit mwaka 1893, na ndani yake unaahidi kutunza siri za watu na mambo ya familia zao uliyoyajua kupitia kazi. Kwenye shule nyingi za unesi mpaka leo wanaapa hicho au kinachofanana nacho, na mama yako bila shaka aliapa chake. Hakusema muda wa mwisho ni lini. Mgonjwa aliyemwambia kitu saa 9 usiku alimwambia nesi, hakumwambia mtoto wa nesi wala wasomaji, na watoto wa huyo mgonjwa huenda wanaishi mtaa wa pili. Kuondoa jina peke yake hakutoshi, sehemu ndogo watu wanajuana kwa ugonjwa, kwa idadi ya watoto, kwa mwaka.

Ila usizichome. Watu wakisikia siri wanakimbilia kiberiti. Daftari hizo zinakuonyesha mama alibeba nini akirudi nyumbani, mbona siku zingine alikuwa kimya, mbona wimbo fulani unaanza vile. Zisome wewe. Kisha angalia kama kuna shairi limeandikwa siku chache baada ya mgonjwa fulani, hapo unaweza kuandika kwenye kitabu kwamba wimbo huu mama aliutunga wiki ambayo wodini kulikuwa kugumu, basi, inatosha, msomaji ataelewa na hakuna mtu atakayetambulika. Daftari zenyewe funga uweke mahali, ukubaliane na ndugu zako nani anazitunza na nani haruhusiwi kupiga picha kurasa na kuzituma kwenye grupu la familia.

Shangazi, upande wa baba wanataka kwenye wasifu wa mama tuandike unesi tu, wanasema mambo ya kucheza jukwaani usiku hayana heshima kwa mtu aliyeshatangulia. Binamu zangu nao wanasema sanaa ilikuwa hobi tu. Mjukuu

Mjukuu wangu, wasalimie hao wakubwa kwa heshima zote na uwaambie mtaandika vyote viwili. Kama aliificha mwenyewe ningekwambia mfiche. Alipanda jukwaani taa zinawaka na watu wamekaa wanamtazama, hapo kuna siri gani.

Na hiyo ya hobi, muwasimulie habari ya Alberta Hunter. Alizaliwa Memphis, Marekani, mwaka 1895, akawa muimbaji mkubwa wa bluzi, akaimba mpaka Ulaya. Miaka ya 1950 baada ya mama yake kufariki akaacha muziki akaenda kusomea unesi, umri ulikuwa umeshampita akaupunguza kwenye makaratasi, na akafanya kazi hospitalini New York karibu miaka 20, wagonjwa wengi hawakujua wanahudumiwa na nani. Mwaka 1977 hospitali ikamstaafisha ikidhani ana miaka 70 kumbe ana 82. Mwaka huohuo akarudi jukwaani, na akaimba mpaka karibu na kifo chake mwaka 1984. Sasa mtu kama huyo utachagua kipi ndo cha kweli na kipi ndo cha kupitisha muda? Ukiondoa kimoja unabaki na mtu mwingine kabisa. Kama wakubwa wanasumbuliwa na picha ya mavazi ya jukwaani basi tafuteni picha ambayo nao watakaa nayo kwa amani, hapo mnaweza kuelewana. Kwenye maneno msirudi nyuma.

Mi ni nesi, nina watoto wadogo wawili na naimba kwenye bendi. Nimesoma kwamba mnaongelea mama waliofariki ila mi niko hai na naogopa, naona wanangu watakuja kuandika kwamba sikuwepo. Niache kuimba? Nesi wa Naiti

Mdogo wangu, barua yako nimeiweka mwisho makusudi maana hao wengine wote wanaandika kwa ajili yako bila kujua.

Sikuambii uache. Pia sikuambii endelea tu utaweza, kwasababu kuna wiki hutaweza. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 ilisema dunia ina manesi karibu milioni 28 na tisa kati ya kila kumi ni wanawake, kwahiyo hilo swali lako liko kwenye vyumba vingi vya kubadilishia nguo hata kama hakuna anayelisema. Kuna Naomi Judd, alisomea unesi huku analea mabinti wawili, akafanya kazi hospitalini, halafu miaka ya 1980 akatoka kimuziki na binti yake mkubwa, Wynonna, kundi lao likawa maarufu sana Marekani. Mwaka 1991 akasimama kuimba kwa ajili ya homa ya ini aina ya C, na mwenyewe alikuwa anasema anaamini aliipata enzi za unesi kwa kuchomwa sindano. Namtaja kwasababu watu wanahesabu mafanikio wanasahau mwili. Mwili wako ndo huohuo kazini, jukwaani na nyumbani. Mwaka 2007 na tena 2019 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka kazi ya usiku kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani, kwahiyo ukipata nafasi ya kupunguza naiti ipunguze hiyo kwanza kabla hujapunguza kuimba. Usitoke naiti ukaenda moja kwa moja mazoezini ukiwa unaendesha gari. Weka pazia zito chumbani, na siku ya bendi baada ya naiti lala kabla, kama hujalala waambie wenzio huji. Bendi inayokupenda itakuelewa, na isiyoelewa tafuta nyingine.

Kwa wanao, waonyeshe rosta. Bandika ukutani wanapopita, naiti rangi moja, bendi rangi moja, na siku zao rangi yao, hata kama ni asubuhi moja tu kwa wiki, na hiyo usiibadilishane na mtu. Mtoto anayejua mama anarudi saa ngapi anasubiri tofauti na mtoto asiyejua. Waambie kwanini mlango umefungwa, kwa maneno ya umri wao. Wapeleke siku moja mazoezini waone kile kinachokutoa nyumbani, na kama sheria za hospitali yako zinaruhusu wafike hata getini wakuone na yunifomu. Mwambie pia yule anayebaki nao, dada yako, mume wako, mama yako, kwamba unajua anachofanya, umwambie mbele yao. Halafu nunua daftari, usiandike ya wagonjwa, andika ya kwako, leo nimeimba nini, nani kanishikia zamu, mtoto kasema nini. Mistari miwili mitatu kwenye daladala inatosha. Na hiyo rosta mwezi ukiisha usiitupe, iweke ndani ya hilo daftari.